Mzee wa Soda Moja

Magongo, Changamwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai miguu imepungua uvimbe na ngazi unazipanda bila kushikwa mkono. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na nataka habari hii uipate kwangu kabla haijafika Lamu kwa vinywa vya watu.

Unajua nilikuja huku kupiga kinanda cha taarabu, kisha mabaharia wakanisikilizisha santuri za jazi ya Kimarekani, nikasahau hata kula. Sasa mimi ndiye mpiga piano wa bendi, tena mpangaji wa nyimbo: tarumbeta iingie wapi, saksafoni ijibu nini, kila mmoja namwandikia nota zake. Uhuru unakaribia, na bendi zote zinagombea kupiga dansi la siku hiyo. Nimetengeneza wimbo ambao, wallahi, hapa haujasikiwa mfano wake. Ndiyo maana karatasi zangu nazitia sandukuni na kulipiga kufuli. Wanamuziki wa huku wana mkono mrefu.

Basi Jumapili moja alasiri akaja ukumbini mzee nisiyemjua. Hachezi, hazungumzi, soda moja tangu mwanzo hadi mwisho, kiti karibu na piano, macho kwenye mikono yangu. Jumapili ya pili yuleyule, mara akimnong'oneza mhudumu. Nikasema huyu ametumwa na bendi nyingine. Nikaanza kukosea makusudi, ili akaibe makosa. Aliporudi tena nilishindwa kuvumilia, nikamwambia bawabu amtoe.

"Soda yangu haijesha, mwanangu," akasema kwa upole. "Mwanitoa kwa lipi?"

"Unalijua mwenyewe," nikamjibu mbele ya watu.

Mama, kumbe ni ami yake Mariamu, yule msichana ninayemposa. Tulipopeleka posa mimi na rafiki zangu, babake alisema ataniulizia kwanza, nami nikadhani atauliza msikitini. Sikufikiri atamtuma nduguye aje kutazama kama glasi iliyo juu ya piano yangu ina maji au ina kitu kingine.

Juzi babake akaniita dukani kwake. Hakunigombeza.

"Kulewa hulewi, ndugu yangu amekushuhudia. Lakini nasikia karatasi zako wazifungia kufuli. Sasa huyu mwanangu, siku akitaka kwenda kumuona mamake, atauomba ufunguo kwako?"

Nilitoka nimeona haya mpaka nikaipita nyumba ninayokaa.

Ami mtu nimeshamwendea kumtaka radhi. Alinipa kahawa, akaniuliza kwa nini napiga vibaya nikitazamwa. Lakini babake Mariamu anataka wazee wangu waje, ndipo atoe neno lake. Namtaka Mariamu, mama, sitaki mwingine. Mwambie mjomba asikawie, nawe ukiweza kusafiri, njoo naye.

Nisalimie shangazi mshona kofia na mwalimu wangu wa chuoni. Ukimwandikia mamake Mariamu, mwambie kufuli nimelitoa kabisa.

Ila jambo moja linanikera, na hili lako peke yako. Habari ya lile kufuli hakuijua mtu ila Kazungu, mpiga ngoma wetu, ninayekaa naye chumba kimoja. Naye sasa ananichekea kama kawaida, ananipikia na chai. Chai nakunywa. Karatasi nazilalia chini ya mto.

Mwanao anayengoja dua yako,
Abdalla