Mstari Wako Chini ya Wangu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, miaka tisa iliyopita, saa nane na dakika ishirini mchana, nilipoteza nafasi yangu kwenye benchi lako la kazi. Naanza na hilo kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba fundi halizunguki gari kama mnunuzi. Anaanza pale linapouma.

Baada ya hilo ndipo nikuulize hali. Goti la kushoto linaendeleaje? Mama huniambia kila Jumapili kwenye simu kwamba mko salama, kwamba mmeziba paa la jikoni, na kwamba bado unafungua gereji saa moja na nusu kamili, mvua inyeshe isinyeshe. Wiki tatu zilizopita alinichekesha. Alisema alikuachia sufuria ya maziwa jikoni uiangalie, akarudi akakuta maziwa yamekuwa masizi na wewe umekaa hatua mbili kutoka jikoni unasoma gazeti, huna habari. Akasema uzee umekuingilia kwa mlango wa uvivu. Nilicheka mpaka machozi. Sasa sicheki tena, na sababu utaiona huko mbele.

Mimi ni mzima. Nilianza na jeki moja na kipande cha turubai chini ya banda la watu. Leo nina mafundi wanne, lifti mbili, na mashine ya moshi ya kutafutia mahali panapovuja, ambayo gereji tatu za jirani huja kuiazima. Hakuna aliyenishika mkono. Nalisema hilo bila kujisifu na bila haya, kwa sababu kwa miaka tisa nimekuwa nikilisema kimoyomoyo nikikuelekezea wewe.

Yule mama, Mwalimu mstaafu mwenye kigari cha bluu, aliyefundisha nusu ya watu wa mtaa wetu kuandika majina yao, alikuja kwangu Jumatatu iliyopita. Nilipomwona anaingia getini nilidhani amepotea njia, maana gari lile halijawahi kuguswa na fundi mwingine zaidi yako. Alishuka ameziba pua kwa leso. Akaniambia gari lake linanuka petroli mpaka akishuka mahali watu wanamwuliza anauza lita ngapi, na kwamba taa ya injini imewaka tangu mwezi uliopita. Nikamwuliza kwa nini hakuja kwako. Akasema alikuja. Uliinama kwenye tangi, ukavuta pumzi kama mtu aliyeletewa ua, ukamwambia hapo hakuna kitu. Yeye, unamjua ulimi wake, akakujibu kwamba kati ya pua zenu mbili moja ni ya mtumba, na yake aliinunua dukani.

Anasema hukucheka. Ulisimama ukapangusa mikono ambayo tayari ilikuwa safi, ukapangusa tena, kisha ukamwambia: "Kama unasikia harufu, mpelekee yule anayesikia."

Baba, nilipoambiwa neno hilo nilikasirika. Nilidhani ni kijembe. Maana siku ile ya tarehe kumi na nne gari lilikuwa hilihili, na neno lilikuwa hilohilo la pua. Unakumbuka. Taa ya injini ilikuwa inawaka, na gari likitoka kujazwa mafuta linakataa kuwaka mpaka lipigwe stati mara tano. Wewe ulisema mpira wa kifuniko cha tangi umechoka, ukabadilisha kifuniko. Taa ikazimika siku sita, ikarudi. Mimi nilisema ni vali inayopeleka mvuke wa petroli kwenye injini, nikabadilisha vali. Ikazimika siku nne, ikarudi. Mwalimu alipokuja mara ya tatu, ukasema mbele ya wateja watatu kwamba huenda mtoto alifungua kitu na hakukifunga sawasawa. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema mbele ya wateja walewale kwamba pua yako imeshakufa, hata petroli huisikii. Nilimwambia hivyo mtu ambaye mji mzima unamwita Fundi Pua. Ukaniambia niweke spana chini niende.

Niliweka zote isipokuwa moja. Ile namba kumi yenye alama ya patasi, ambayo kwa mwaka mzima ulimshutumu fundi rangi wa jirani kwamba ameiiba, ninayo mimi. Mwombe radhi kwa niaba yangu.

Basi nikalipandisha gari kwenye lifti. Niliunganisha mashine ya moshi kwenye mfumo wa mvuke, kwa nguvu ndogo ambayo mtoto anayejaza puto anaizidi, maana ukizidisha unapasua vitu vilivyokuwa vizima. Nikazima feni, nikawaambia mafundi wasipite karibu, nikachukua tochi nikangoja. Dakika moja, mbili, hakuna kitu. Dakika ya tatu na nusu, juu ya tangi, pale mpira wa mvuke unapokunja kona, moshi mweupe ukaanza kutoka polepole kama uzi. Mpira ulikuwa na ufa wa milimita kumi na moja. Baba, milimita kumi na moja! Ufa huo ulikuwa kiganja kimoja kutoka pale Mwalimu anaposema uliweka uso wako. Hata mtu mwenye mafua angeisikia petroli ile.

Hapo ndipo nilipoyakumbuka maziwa.

Nilikumbuka pia nikiwa na miaka tisa, ulivyokuwa unanifunga macho kwa kitambaa chako kisafi, unanipitishia vifuniko vya chupa chini ya pua kimoja kimoja. Petroli mbichi, petroli iliyolala, mafuta ya breki, oili iliyoungua. Nikipata kumi kati ya kumi unanibeba mabegani mpaka nyumbani, nikikosa moja unanibeba vilevile, ila unasema umebeba tisa. Kila ninachokisikia kwa pua hii nilikipata kwenye kitambaa kile.

Nilibadilisha mpira. Ningeweza kuishia hapo, na nakiri nilitaka kuishia hapo. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa na ufa wangu mkononi na neno langu la miaka tisa limethibitika. Lakini taa ilizimika, halafu Mwalimu alipotoka kujaza mafuta gari likakataa kuwaka, palepale kwenye kituo cha mafuta, kama zamani. Ufa haufanyi hivyo. Akavutwa kwa kamba mpaka kwangu, anawapungia watu mkono kama bibi harusi.

Nikafungua kopo la mkaa. Ulinieleza habari zake kwa sponji jikoni kwa Mama: petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limelala, mkaa ndani ya kopo unaushika usiende hewani, na injini ikiwaka inaufungulia vali na kuunywa. Ukaisukumia sponji pumzi, haikudhurika. Kisha ukaimwagia maji mpaka yakachuruzika kwenye khanga ya Mama, na Mama akatufukuza wote wawili. Mkaa unakunywa mvuke, ulisema, ukiunywesha petroli yenyewe umeuua.

Nikaliweka kopo kwenye mizani. Jipya la aina ile lina kilo moja na gramu mia mbili. Hili lilikuwa na kilo mbili na gramu kumi. Nikalipindua, petroli ikatoka, na pamoja nayo punje za mkaa zilizovunjika. Punje zilezile nilizikuta zimekaa mdomoni mwa vali, zimeishikilia wazi. Ndiyo maana vali mpya haidumu, na ndiyo maana gari likijazwa injini inapaliwa. Nikamwuliza Mwalimu kama pampu ya kituo ikijikata yenyewe, huwa anaongeza. Akaniangalia kwa mshangao, kana kwamba mimi ni mwalimu aliyesahau somo lake mwenyewe. Akasema: "Si wewe uliyeniambia, mwanangu?"

Akatoa daftari kwenye kijisanduku cha gari. Nililitambua kabla hajalifungua, lenye jalada la kijani. Nilimpa mimi mwenyewe tarehe mbili mwezi wa pili, wiki sita kabla ya siku ile. Alikuwa analalamika gari linakunywa sana, na mimi, Kikokotoo wako kama ulivyozoea kuniita, sikutaka kukisia. Nilitaka kilomita kwa lita, mpaka nukta mbili baada ya desimali. Na hesabu haikai sawa kama tangi halijai mahali palepale kila mara. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wangu, niliandika hivi: "Jaza mpaka shingoni, uone kwa macho."

Baba, ni mimi. Kifuniko chako hakikuwa na kosa, na vali yangu haikuwa na kosa. Gari lilikuwa zima mpaka nilipoliandikia hesabu. Mwanamke yule amejaza tangi mpaka shingoni kwa miaka tisa, kurasa mia moja na arobaini, kwa utiifu ambao sijawahi kuupata kwa fundi yeyote ninayemlipa mshahara. Nilikuambia mbele ya watu pua yako imekufa, na aliyeua kopo ni mimi.

Lakini hayo si yote yaliyokuwa kwenye ukurasa ule. Chini ya mstari wangu kuna mstari mwingine, kwa penseli yako nene ya kuchorea bati: "Ikikata, acha." Na tarehe. Kumi na nane mwezi wa tatu.

Ulijua baada ya siku nne. Nikae chini nikupigie hesabu hiyo? Wewe ulijua kwa siku nne, na mimi nikakaa miaka tisa nikijiona nimeonewa, nikijenga gereji nzima juu ya hasira isiyo na msingi. Kwa nini hukuniita? Ungenitumia neno moja kwa Mama ningekuja mbio na ovaroli langu. Nilipomwuliza Mwalimu kwa nini hakufuata mstari wako, akasema kila ulipombadilishia kopo ulimgombeza, naye akaitika sawa Mzee, lakini asipojaza mpaka shingoni safu zake za hesabu zinakuwa mbaya. Akasema pia alikushauri uufute mstari wangu ili asichanganyikiwe. Ukakataa. Ulisema ule ni mwandiko wa mwanao na uliokubakia ni huo tu. Kwa hiyo yeye akaona mistari yote miwili ina nguvu: pampu ikikata anaacha, anapumzika kidogo, kisha anaendelea mpaka shingoni.

Nilicheka, kisha nikaingia stoo nikakaa juu ya matairi mpaka fundi umeme akaja kuniuliza kama nimeumia.

Sasa nisikilize, Baba. Nilisema neno la kukuumiza, na leo limekuwa kweli, au lilikuwa kweli tangu siku ile. Sijui, na ndilo linaloninyima raha. Sifurahii kuwa sahihi. Wewe unapasha nati kwa moto wa gesi hatua tatu kutoka kwenye ndoo za petroli, na siku zote kilichokulinda ni pua hiyo. Maziwa yaliungua, hukusikia. Ufa wa milimita kumi na moja, hukusikia. Cha tatu sitaki kukihesabu.

Mashine ya moshi haihitaji pua. Inahitaji macho na uvumilivu wa kusimama kimya dakika nne, na mafundi wangu wote wanne hawana uvumilivu wa dakika moja. Nimekuwekea kiti karibu na lifti ya pili. Si cha mzee wa kukaa na kupewa chai. Ni cha kazi, na utagombana na watu humo upendavyo.

Barua hii anakuletea Mwalimu mwenyewe, na gari lake. Likague. Kopo ni jipya, mpira ni mpya, vali nimeisafisha kwa hewa. Fungua pia daftari. Mstari wangu nimeufuta kwa kalamu nyekundu, mimi mwenyewe, wako nimeuacha. Mwalimu amekubali kwa shingo upande, anasema hesabu zake sasa zitakuwa za kukisia kama za watu wengine.

Msalimie sana Mama, umwambie asikuonee, maziwa yale hayakuwa uvivu. Wasalimie majirani wote, na fundi rangi mara mbili.

Nataka jibu moja tu, kwa sauti yako, kwa simu, si kupitia Mama, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Mpaka hapo usiwashe moto wa gesi, nakuomba. Usiniambie habari za goti, wala za mvua, wala kwamba utafikiria. Nimekufunulia langu, nifunulie lako. Ukikiri, Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa getini kwako kukuchukua, na spana namba kumi mkononi. Ukikana nitakuja pia, na vifuniko vya chupa kumi na kitambaa kisafi, nikupime.

Pua yako inasikia petroli, Baba, au haisikii?

Ni mimi binti yako,
Kikokotoo