Majina Hayajaisha

4 Februari

Kaka shikamoo,

Hujambo huko kwenye nguzo zako za umeme? Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima. Mama anauliza kama unakula au unakunywa chai tu.

Nimepata kazi. Filamu fupi, dakika ishirini: mfua nguo wa hoteli anafukuzwa, anagoma kuondoka mlangoni. Mwishoni amesimama palepale, majina ya waliotengeneza filamu yanaanza kupanda, na hapo ndipo ninapoingia mimi. Dakika mbili na sekunde kumi. Mwongozaji alitaka gitaa la huzuni. Nikamwambia huyu mama hajashindwa, tumlilie kwa nini? Nimempigia besi nzito inayotembea kama mtu asiye na haraka, na juu yake sauti moja nyembamba kama mluzi, yote kwa kinanda na kompyuta. Akasikiliza mara mbili, akasema, "Haya, na kuchanganya sauti uchanganye mwenyewe."

Sasa kaa chini. Nimemwambia kuhusu sikio.

Mdogo wako

9 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika lakini unafanya kazi. Mwambie Mama nakula.

Umemwambia ili iweje? Nani alikuuliza? Tangu ile homa ilipokuziba sikio la kushoto ukiwa na miaka sita, mimi ndiye niliyekaa kushoto kwako, nikikurudishia maneno chinichini ili watu wasijue. Mama alisema habari hii isitoke nje ya nyumba, na haijatoka miaka ishirini na mitatu. Wewe unaimwaga mbele ya mtu anayekuajiri kwa ajili ya masikio yako! Wakikunyang'anya kazi usije kulia kwangu.

Nakupenda, ndiyo maana nina hasira.

Kaka yako

2 Machi

Shikamoo kaka,

Natumaini hasira zimepoa, na mgongo pia. Hapa tuko salama, kikohozi cha Mama kimepona.

Wameninyang'anya. Silii.

Mwongozaji alisema tu, "Tujaribu masikio mengine," akacheka, kisha akaona sicheki. Kuchanganya sauti akampa fundi wa studio moja yenye kuta za sponji. Fundi ameutandaza muziki wangu kulia na kushoto, upana wa uwanja wa mpira. Kwenye spika zake unapendeza, sikatai. Lakini mimi, kwa kuwa nina sikio moja, huwa naziunganisha pande zote mbili ziwe kitu kimoja ndipo nisikilize. Nilipoziunganisha, mluzi ukafa. Wa kushoto na wa kulia ikikutana inafutana. Nikamwambia. Akajibu, "Dada, hapo kasoro si ya muziki." Chumba kizima kikaangalia sakafu.

Na filamu hii watu wengi wataitazama kwenye simu! Nakutumia faili mbili, sikwambii ipi ya nani. Weka simu yako mezani, ile yenye spika moja, bila hedifoni, uniambie unasikia nini. Usinihurumie.

Mdogo wako

5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimesikiliza wakati wa chakula cha mchana. Ya kwanza, besi ipo, juu hamna kitu, kama nyumba iliyoezuliwa paa. Ya pili, mluzi upo na unachoma. Nikadhani ni simu yangu, nikaazima ya msimamizi, nikaazima na ya mpishi wetu. Vilevile. Mpishi akasema, "Hiyo ya kwanza mbona mwimbaji wake hajaja?"

Ya pili ndiyo yako. Nenda kawawekee simu mezani, mbele ya wote.

Kaka yako

20 Machi

Shikamoo kaka,

U mzima? Sisi tupo, Mama haongei nami, ila chakula ananipakulia.

Nimewawekea. Fundi alisikiliza mara tatu, akavua kofia, akasema, "Anasema kweli." Kwa hilo nimemheshimu. Mwongozaji akasema sawa, tutumie uliochanganya wewe, lakini jina la fundi limeshaandikwa kwenye kuchanganya sauti, libaki. "Kwani nani anasoma? Majina yakianza watu wanasimama."

Nikamwambia, "Kama hakuna anayesoma, toa la kwako."

Nikachomoa diski yangu yenye muziki nikatoka. Muziki ni wangu, sijasaini popote kwamba nimewapa. Mama akasema nikaombe radhi. Sikwenda. Siku sita simu kimya, ya saba akaja mwenyewe na karatasi, akasaini: muziki wangu, kuchanganya kwangu, jina langu. Nikampa diski.

Lakini karatasi si skrini. Inaonyeshwa mara ya kwanza tarehe 26 Aprili, huko mjini karibu na kambi yenu. Mimi siendi. Sitakaa gizani nikiombea jina langu mwenyewe. Ukitaka, nenda wewe.

Mdogo wako

28 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba kabla hujanisalimia. Mimi mzima, sauti tu imekauka.

Nilikwenda. Skrini ikawa nyeusi, besi ikaingia kwenye kiti changu kabla haijafika masikioni. Na watu wakaanza kunyanyuka! Mbele yangu bibi mmoja tayari anatafuta mkoba wake. Nikasimama, nikapaza ile sauti ya kuwaitia vijana walio juu ya nguzo: "Kaeni! Majina hayajaisha!" Nilidhani watanitoa. Wengine walitoka wakinung'unika, wengi wakakaa. Jina lako likapita peke yake: muziki, na kuchanganya sauti. La fundi lilikuwa chini, kwenye shukrani. Mluzi ulikuwa bado unapanda.

Taa zilipowaka yule bibi akaniuliza, "Wewe ni nani katika filamu hii?"

"Si mtu yeyote. Aliyetengeneza huo muziki ni mdogo wangu. Hasikii sikio la kushoto."

Sijawahi kuyatamka hayo mbele ya mtu. Bibi akasema, "Kumbe," akavaa koti lake, akaenda. Basi. Tumejificha miaka yote hiyo kwa kuogopa "kumbe."

Nimempigia Mama, nimemwambia nimesema. Amenikatia simu. Kesho nampigia tena, na nitasema tena.

Kaka yako