Kijiti Hakioshwi

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Dawa ya presha meza baada ya kula, si kabla.

Chini ya kikombe kuna kijiti kipya cha pamba, cha kujipima. Jamani mama, leo umeniweza! Mhudumu wa afya kaja kuchukua vipimo vya saratani ya mlango wa kizazi, anafungua kichupa chako, kijiti kinanukia sabuni! Eti huwezi kumpa mtoto wa watu kitu kichafu. Sasa maabara wapime sabuni? Huo unaouita uchafu ndio wanaoutaka! Ingiza ukeni, zungusha, tia kichupani, funika. USIOSHE. Mama mdogo naye aliona aibu hivihivi, akaja kugundulika hawezi hata kusimama.

Mhudumu anapita tena saa kumi. ~~Mimi changu nilishampa.~~

Haya, sikudanganyi. Changu kiko kwenye mkoba wiki ya pili hii, hata sijakifungua. Naogopa majibu. Asubuhi nilikufokea vile mbele ya mhudumu ili asikumbuke kuniuliza changu.

Nisubiri, narudi saa tisa. Wewe chumbani, mimi bafuni.

Mwanao, mwenye mdomo