Tairi Lisilo na Msimu Wake

Kambini, porini kati ya Geita na Kahama
Mvua zimeshaanza

Kwako Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mikono miwili, ingawa mmoja umeshika kalamu na mwingine unafukuza mbu. Goti lako linasemaje baridi hii? Na machungwa ya huko Muheza, wanunuzi wamekuja mwaka huu au yanawaozea tena chini ya miti? Sisi tupo. Mimi mzima wa mwili. Wifi yako, Mama Zaina, si mzima, na habari hiyo sitaizungusha, maana ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika.

Unajua moyo wake ulivyo. Daktari wa Shinyanga alisema moyo umekuwa mkubwa kuliko nafasi yake, basi kila mwezi lazima amwone, amsikilize kifua, ampe dawa. Kutoka hapa kambini hadi Shinyanga ni safari ya kupita Kahama, Kagongwa, na mbele zaidi. Kiangazi hiyo ni safari ya vumbi tu. Mvua zikinyesha, kuna mbuga hapo katikati. Usifikirie mbuga ya wanyama, Dada. Huku mbuga ni udongo mweusi unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi ukazama, na ukilowa unakuwa kama ugali uliotiwa mafuta. Ng'ombe hupita humo. Gari hupita likiwa na miguu ya kupitia.

Gari tunalo. Wafadhili wa mradi huu wa kutafuta dhahabu walituletea gari ambalo sijaona waziri akilipanda: jeupe, viti vya mahameli, zulia chini, kinanda cha kaseti, kipoza hewa. Ndilo linalompeleka Mama Zaina kwa daktari kila mwezi, kwa ruhusa ya meneja, na kwa hilo namshukuru, maana si kila mkubwa angekubali. Lakini matairi yake ya kwanza yaliisha, yakawa vipara kabla ya mvua, na kibali cha kununua mengine kilipotoka kilikuwa cha seti moja tu. Ukikosea, umekosea mpaka mwakani.

Tukaenda Shinyanga kuchagua, mimi kama mtu wa usafirishaji, meneja kama meneja. Duka ni la Mzee Salumu, baba yake mtu wa Bagamoyo, mama yake Msukuma, na ulimi wake umerithi pande zote mbili. Alituwekea aina mbili. Moja ni tairi la matope, kashata zake, yale meno ya mpira, nene kama vidole vya mkulima, likienda kwenye lami linanguruma. La pili jembamba la sura, limechorwa mistari midogo midogo kama kitambaa cha suti. Lilikuja na kijitabu chenye picha ya gari linapanda mlima wa theluji, na maneno kwamba hili ni tairi la misimu yote.

Meneja akalipapasa hilo la pili. "Hili ndilo. Kimya, na wageni wetu hawatapigwa masikio."

Nikamwambia, "Ndugu Meneja, tairi la misimu yote halina msimu wake. Ni kama yule mjumbe anayepiga makofi kwenye kila hoja. Siku ya shida humkuti upande wowote."

"Athumani, umeanza."

"Sijaanza, naendelea."

"Limejaribiwa kwenye theluji! Soma mwenyewe. Kama linashika theluji, tope ni nini?"

Dada, theluji sijaikanyaga, lakini nimeisoma katika vitabu vingi kuliko alivyosoma yeye. Theluji ikiingia kwenye mistari ya tairi hudondoka au huyeyuka. Mbuga ikiingia hubaki humo mpaka ikauke iwe saruji. Tairi lililotengenezwa na watu wa kaskazini kwa baridi yao linaletwa kwetu na kijitabu, na sisi tunaamini kijitabu kuliko udongo tunaoukanyaga! Niliyasema yote hayo dukani, kwa sauti, mpaka wapita njia wakasimama.

Mzee Salumu akacheka. "Mabwana, Shinyanga tuna misimu miwili tu, vumbi na tope. Hiyo mingine mnayoilipia mtaikuta wapi?"

Meneja akatia sahihi. Yakafungwa ya misimu yote.

Wiki iliyopita ikawa zamu ya Mama Zaina kwa daktari. Tulitoka asubuhi, dereva Masanja, mimi na yeye. Masanja ni mwana wa wakulima wa pamba, na ana desturi ya madereva wote wa malori ya pamba wa upande huu: nyuma ya gari hubeba gunia la mbegu za pamba, zile ambazo bado zina manyoya yake. Uzito wake hukandamiza magurudumu ya nyuma, na gari likikwama dereva huzimwaga chini ya tairi lipate pa kushika. Lori lenye kashata kubwa hutoka. Nimeliona likitoka kwa macho yangu, ndiyo maana sikubisha, mimi ninayebisha kila kitu.

Tukafika mbugani. Mvua ya jana yake ilikuwa imepita, mbele yetu korongo limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na barabara inapinda ukingoni mwake. Gari likaanza kuzunguka palepale. Masanja akashuka, akamwaga mbegu mbele ya magurudumu yote manne, akarudi kwenye usukani, akatia gia ndogo.

Yale manyoya ya pamba na ule udongo, Dada, vilikamatana vikawa blanketi. Blanketi hilo likajaza kila mstari wa yale matairi ya suti, likasindiliwa humo, matairi yote manne yakawa laini kama tikiti. Gari halikukwama tena, na heri lingekwama. Liliteleza. Lilienda upande, polepole, bila sauti, na kaseti inaimba. Masanja anakanyaga breki, anazungusha usukani, na gari halina habari naye. Upande uliotangulia kwenye maji ulikuwa upande wa Mama Zaina.

Hakupiga kelele. Alishika dirisha kwa mkono mmoja na kifua kwa mwingine, akanitazama. Mimi nikaanza kumfokea Masanja, kumfokea meneja asiyekuwepo, kuwafokea waliochora kile kijitabu.

"Baba Zaina," akasema kwa pumzi fupi, "acha kulihutubia gari."

Gurudumu la nyuma likashuka ukingoni. Gari likalala upande, likatulia. Chini ya mlango wa Mama Zaina maji yalikuwa yanapita kwa kasi na matawi ndani yake. Sikuthubutu kusogea. Niliogopa hata kuhema, nikidhani pumzi yangu itatusukuma.

Waliotuokoa walikuwa watu waliokuwa wakilima jirani. Wa kwanza kufika ni mama mmoja mpana, jembe begani, wenzake wakamwita Mama Kulwa. Alisimama akalitazama gari kuanzia juu mpaka chini, kisha akatuamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka! Jamani, tazameni. Gari limevaa suti, miguuni malapa!"

Wakacheka wote. Akainama, akakwangua tairi kwa kidole. "Hata katambuga zangu za tairi kuukuu zina kashata kuliko haya. Nani aliyewauzia?"

"Tumeyachagua wenyewe, mama," Masanja akajibu kinyonge.

"Basi poleni mara mbili. Tulieni humo humo, msicheze. Mama, unaumwa? Usiyaangalie maji, niangalie mimi."

Wakafungua maksai wanne kwenye plau, wakafunga minyororo mbele ya gari, wakatandika mabua ya mtama chini. Gari la mahameli likatolewa korongoni na ng'ombe, na Mama Kulwa akiwapiga mgongoni kwa kiganja: "Hawa hawachagui msimu!" Mama Zaina alitabasamu. Nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi na mapigo yanakimbia bila mpangilio, yanasimama, yanakimbia tena. Kwa daktari hatukufika. Tulirudi kambini, na dawa alizonazo sasa ni za siku chache.

Nilimwendea meneja ofisini. Nilisema yote, na unajua nikiyasema yote inakuwaje. Nikamtishia kuandika gazetini.

"Andika," akasema. "Kibali ni kimoja, na kimekwisha tumika. Ukiandika, tairi litaota meno?"

Nikachukua kofia yangu, nikatoka.

Niliporudi nyumbani nikamkuta Mama Zaina anafunga nguo zake katika kanga. "Daktari alisema nikae karibu na hospitali," akasema. "Muheza hospitali naifikia kwa miguu. Wewe bishana na matairi, mimi nabishana na moyo, na moyo hauna masika." Nikamwomba asubiri mvua zipungue. Akaniuliza zitapungua lini, na dawa zitakwisha lini. Nikamshikia kanga akaze fundo.

Basi anakuja kwako, Dada. Atapanda gari moshi Isaka, pamoja na muuguzi mmoja wa Kahama anayekwenda Morogoro. Mwambie Zaina atoke Korogwe akampokee mama yake hapo Morogoro. Mpe chumba cha mbele kisicho na ngazi, usimruhusu kuchota maji, hata akikuambia amepona. Atakuambia.

Lakini kufika Isaka ni lazima tuivuke ile mbuga tena, kesho asubuhi, kwa matairi yale yale. Njia nyingine imekatwa na maji. Nimeyachokonoa manyoya yote kwa msumari, mstari mmoja mmoja, mpaka vidole vikatoka damu. Gunia la mbegu nimelishusha. Na nimekumbuka walivyokuwa wakiyafunga matrekta ya mashamba ya mkonge kwetu Tanga: nimechukua kamba za katani za mahema, tumezizungusha kwenye matairi na kuzipitisha kwenye matundu ya ringi. Meneja ametoka nje akatazama: "Gari la mradi mmelifunga kama mbuzi!" Lakini hakutukataza, na dakika moja baadaye alirudi na kamba nyingine mkononi. Kama katani inaishika mbuga au nayo itageuka blanketi, sijui. Mara hii sina hoja. Nina hofu tu.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie katika ule mjadala wetu wa ushirika bado sijakubali kushindwa. Shangazi mwambie shikamoo yangu iko palepale, na aniombee kisomo asiniulize sababu. Zaina msalimie, ila maneno ya korongo usimwambie kabla hajamwona mama yake kwa macho.

Barua hii siiachi hapa kambini. Naitia mfukoni, na nitaitia posta Isaka kwa mkono wangu, nikishampandisha behewani. Kwa hiyo wewe unayeisoma unalijua ninaloshindwa kulijua hapa nilipokaa. Kama iko mikononi mwako, tumevuka. Andaa chumba.

Mdogo wako akupendaye,
Athumani