Sakafu Juu ya Ufuo

Jumatatu, 6 Januari

Nimeinua kapeti la plastiki, nimefuta, nimelianika uani. Kama jana, kama juzi. Chini ya plastiki maji yamekaa matonematone, na katikati ya chumba cha ndani zege limekuwa jeusi. Nikisugua kwa brashi inatoka kuvu, na pembeni chumvichumvi nyeupe. Harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

Shule zinafunguliwa na sare za watoto wa Nkowe nzima ziko juu ya cherehani yangu. Badala ya kushona, nadeki.

Rehema amepiga simu kutoka kwa mumewe, Nambambo. Mimba yake ya kwanza ina miezi sita. Anakuja mwisho wa Februari, ajifungulie hospitali ya Ruangwa, kisha arobaini aikalie kwangu, kama mimi nilivyoikalia kwa mama yangu. Anakitaka chumba cha ndani. Nikamwambia kipo tayari. Uongo mtupu.

Jumatano, 8 Januari

Doa limekua. Vyumba vingine vikavu, hiki tu ndicho kinatoka jasho. Nimekausha kwa jiko la mkaa, nikapaka rangi ya mafuta mara mbili. Kijani. Mbaya, lakini inang'aa.

Mwanangu ana pumu tangu utotoni. Kuvu hii ikimwingia kifuani na tumbo lile, sijui. Sitaki hata kumaliza sentensi.

Ijumaa, 10 Januari

Rangi imevimba malengelenge. Nimebonyeza moja, likatoa maji.

Halafu nikaona kitu nilichokuwa nakikwepa. Kabla ya nyumba hii ya matofali, kiwanja hikihiki kilikuwa na nyumba yetu ya udongo. Mama alifia humo. Ufuo ulichimbwa chumbani kwake, kitanda cha kamba kikawekwa juu ya shimo, maji ya kumwosha yakashukia humo, wakafukia. Mwaka uliofuata tukabomoa, tukajenga hii. Leo nimesimama mlangoni nikapima kwa macho kwa kuufuata mkorosho ulio nje, ambao haukuhama. Doa limekaa pale pale penye ufuo. Urefu wa mkeka, upana wa mtu.

Namwogopa mama yangu. Alipokuwa hai nilimwogopa tu akishika mwiko.

Jumapili, 12 Januari

Mchana, jua kali baada ya mvua. Niko barazani na cherehani. Nikasikia mtu anakohoa ndani. Kikohozi kidogo, cha kuficha. Kisha pumzi ndefu, kama ya mtu anayejinyoosha.

Nikasimamisha gurudumu. Kimya. Nimeingia chumba cha ndani. Hakuna mtu. Pembe ya kapeti imefunuliwa na mimi sikuifunua. Na chumba kinanuka karafuu maiti. Siyo kuvu. Karafuu maiti, harufu ya sanda ya mama.

Nimeshona mfuko wa shati ndani nje. Nimefumua. Nimeshona tena vilevile.

Jumatatu, 13 Januari

Nimekwenda kwa mama mdogo Somoe. Ni mdogo wake mama, ndiye aliyebaki peke yake katika tumbo lile. Nyumba yake iko nyuma ya yangu, ua tunachangia. Mwanamke akifa hapa kijijini yeye ndiye anayeitwa kuosha, na mama yangu alimwosha yeye.

Nilimweleza yote: doa, kikohozi, harufu. Nilitaka anicheke. Nilitaka aniambie Hawa umezeeka vibaya. Hakucheka. Alikuwa anamenya mihogo, akaendelea kumenya, akasema, "Mwache dada apumzike." Basi.

Nimerudi nimeogopa zaidi ya nilivyokwenda.

Ijumaa, 17 Januari

Tumesoma dua. Shehe amekuja baada ya swala, na majirani, na ubani hadi macho yakatoka machozi. Nimepika pilau. Mama mdogo ameitikia amina kwa sauti kuliko wote, nyuso zikageuka.

Kosa langu ni kuwaita watu. Wamekula, wameona kapeti lililoviringishwa, wameona doa. Sasa neno limefika mpaka Mandawa kwamba nyumba ya Mama Rehema inalia. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nimeufunua na nimepata nini?

Jumapili, 19 Januari

Mkwe wangu wa Nambambo amepiga simu mwenyewe, siyo kupitia mtoto. Mama mkwe wake Rehema, sauti ya asali. "Mkwe, nimesikia habari za chumba. Sisi hatubishani na mambo ya kwenu. Ila mtoto hatalala juu ya ufuo. Atabaki hapa."

Nikasema nitampa chumba changu mimi. Akasema ukuta ni huohuo na hewa ni hiyohiyo, na Rehema ana kifua. Hapo alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi.

Kama chumba kitakauka kabla ya mwisho wa Februari, atamruhusu. Kisipokauka, mwanangu mmoja niliye naye atalea mtoto wake wa kwanza mikononi mwa mwanamke mwingine. Nimelia. Nimelia na kijiko cha uji mkononi.

Jumanne, 21 Januari

Nimeachana na ubani, nimemwita fundi. Anseli, Mmakonde wa Mandawa, amekuja na bodaboda na mfuko wa zana, hana maneno mengi. Hakuuliza kuhusu mama. Amekata kipande cha nailoni angavu, akakilaza juu ya doa, akakibandika kwa gundi ya karatasi pande zote, hata sisimizi asipite. Kingine akakibandika chumbani kwangu. Akasema nisiguse mpaka arudi.

Nimekaa naangalia nailoni kama mtu anayengoja chungu kichemke.

Alhamisi, 23 Januari

Kabla fundi hajafika nilishaona. Chumbani kwangu nailoni kavu. Chumba cha ndani, matone yamejaa upande wa chini, juu hakuna kitu. Kwa hiyo siyo mvua ya dirishani, siyo deki yangu. Inapanda kutoka ardhini.

Anseli anasema kapeti ndilo limezidisha. Unyevu mdogo ungepanda ukaondoka na upepo. Mimi nimeufunika kama sufuria ya wali, ukajipika humo. Na rangi ya kijani vilevile. Lakini kilichomshangaza ni kwamba aliyejenga alitandika nailoni chini ya jamvi, hili zege la sakafu, nyumba nzima. Hata mimi nakumbuka, nyeusi, nzito, tuliitandika juu ya mawe kabla ya zege. Vyumba vingine imezuia. Kwa nini hapa tu?

Nilitaka kumwambia kwa nini. Nikaona haya. Akasema Jumamosi anavunja.

Mchana kikohozi tena. Sikwenda. Nilikaza kukanyaga cherehani nisisikie.

Jumamosi, 25 Januari

Anseli amevunja toka asubuhi. Kila nyundo ilipotua nilisema moyoni, samahani mama.

Chini ya zege nailoni ina dirisha. Imekatwa. Siyo kuchanika, imekatwa kwa wembe, kando zimenyooka, pembe nne safi. Mimi ni fundi cherehani, najua mkato wa mtu mwenye subira. Na ndani ya dirisha hilo hakuna hata jiwe moja. Mawe yametolewa na kusogezwa pembeni, pamebaki udongo mlaini, mweusi, umelowa. Unaweza kuuchota kwa mkono.

Anseli akafuta jasho akasema, "Mama, maji hayana dini. Yakiona tundu yanapita."

Nikageuka. Mama mdogo Somoe amesimama mlangoni, kanga kichwani. Anaangalia shimo, haangalii sisi. Nikasikia ile harufu. Karafuu maiti. Inatoka kwenye fundo la kanga yake, anamoweka vitu vyake vya kuoshea.

Nimemtuma Anseli akanywe chai. Nikauliza mara moja tu.

"Mie ndo nimekata," akasema. "Mafundi walikwenda kula."

Nikamwambia mama alishakwenda zake, maji yake yalishakauka zamani, alikuwa anamlindia nini? Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

"Siyo pa dada, Hawa. Pa dada palishafukiwa. Pangu."

Akasema nyumba zote sasa ni saruji. Ya mwanawe saruji, ya kwangu saruji, hata banda lake lile wajukuu wanataka kulimwagia. Watu wa nyumba za saruji wanaoshwa uani, turubai huku na huku, ndoo. Yeye ameosha wengi hivyo. Ameona. "Na mie mtaniosha uani, kuku wanapita? Ntu anaoshwa ndani, pake, anachimbiwa." Akaona nailoni ile nyeusi, nzito, akadhani hiyo ndiyo itakayoshinda majembe siku yake ikifika. Zege hakulijali. Alidhani ni kama niru, ile lipu ya chokaa, unagonga linaachia. Akakata nailoni, akatoa mawe, ili kuchimba kuwe kwepesi.

Kikohozi? Ni yeye. Nikiwa barazani anapita mlango wa uani. Anafunua kapeti, anajilaza palepale.

Nikauliza kwa nini.

"Naona kama patanitosha."

Jumapili, 26 Januari

Hasira. Wiki tatu naomba radhi kwa doa. Nimechinja kuku, nimelisha watu, nimemwomba marehemu anihurumie mtoto, na aliyeniitikia amina ndiye mwenye wembe.

Na kitu kingine, nakiandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Mama hakuwa anadai chochote. Hakuwa ananiita. Hakuwepo kabisa. Nilimwogopa, ndiyo, lakini kila asubuhi nikiingia nilikuwa namsalimia. Leo nimeingia, nimefungua mdomo, nikaufunga.

Jumatatu, 27 Januari

Sijaongea na mama mdogo. Amepita uani na ndoo yake, mgongo umepinda. Sikuwa nimeuona ulivyopinda.

Anseli ameondoa udongo mlaini wote, ameshindilia mpya, mawe, kokoto, mchanga juu ili mawe yasitoboe. Nailoni nzima, upana wa chumba, imepanda kidogo ukutani, na pale zinapokutana mbili amezilaza moja juu ya mwenzake hatua nzima na kubandika. Kabla ya zege nimepiga magoti nikapapasa kila mahali. Hakuna tundu. Rehema atalala hapa na kifua chake.

Nikasema, "Mwaga."

Alipomaliza nikampeleka stoo. Chumba kidogo nyuma, chenye magunia ya ufuta, mlango wake unatazama uani. Sakafu yake nzuri, kavu, haina hata ufa. Nikamwambia avunje.

Aliniuliza mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza polepole, kama unavyomuuliza mgonjwa. Nikasema vunja yote, toa zege, toa nailoni, toa mawe, niachie udongo.

Jumanne, 28 Januari

Stoo ni udongo mtupu. Anseli ametaka nijue kwamba unyevu wa humu utatafuta njia ya kwenda chumba cha ndani, kwa kuwa ukuta ni mmoja. Ameinua kizingiti cha zege na kupandisha nailoni upande wa kwetu. Akasema nisiweke tena magunia chini wala kapeti popote kwa mwezi mzima. Madirisha wazi, zege lipumue.

Hakuuliza stoo ni ya nini. Aliangalia ukubwa wake, kisha akamwangalia mama mdogo aliyekuwa anapepeta uani, akafunga mfuko wake wa zana.

Jumatano, 29 Januari

Nimemshika mkono mama mdogo nikamwingiza stoo. Alivua ndala, akakanyaga. Akachuchumaa, akachota udongo, akaufikicha. Akaniuliza kama kuna nailoni chini. Nikasema hakuna, wala hapatamwagwa kitu nikiwa hai.

Akauliza, "Na usipokuwa hai?"

Nimekwenda kukoroga uji.

Jumatano, 19 Februari

Kipande cha nailoni kimebandikwa tangu juzi chumba cha ndani, na mvua ya kuamkia leo imenyesha vibaya. Nimekibandua. Kavu juu, kavu chini. Nimelamba kidole nikagusa pembeni, nipate kulinganisha na unyevu wenyewe. Kavu.

Nimempigia mkwe. Akasema Alhamdulillahi, lakini bila asali.

Jumapili, 23 Februari

Rehema amefika. Bodaboda imemshusha mlangoni, miguu imevimba, anacheka. Amekataa kitanda, amesema mgongo unauma, akatandika mkeka chumba cha ndani juu ya zege tupu na kujilaza ubavu. Anasema sakafu ina ubaridi mzuri. Kifua chake kimya. Nimesimama nikasikiliza kwa muda, hakuna filimbi hata kidogo.

Kabla ya kujilaza alikuwa ameizunguka nyumba, kama wafanyavyo waliokaa mbali. Akafungua stoo. Udongo umefagiliwa, una alama za ufagio. Akauliza kwa nini hapa hapana sakafu.

"Cha mama mdogo," nikasema.

"Si ana nyumba yake?"

Nikamwambia apunguze maswali, akapumzike.

Adhuhuri nilisikia mlango wa uani, kisha ndala zikivuliwa. Kikohozi kidogo upande wa pili wa ukuta. Rehema akajigeuza usingizini. Mmoja huku, mmoja kule, wote wamejilaza chini, ukuta kati yao. Nimesubiri mpaka nikawasikia wote wawili wanapumua. Halafu nikarudi barazani kushona nguo za mtoto.