Sukari ya Mwaka Jana

Shoga, mwenzio leo nimejiumbua!

Si unajua ninavyokatwa mshahara kwa ile kodi ya mapato ya saluni yangu ambayo sikuilipa serikali, na baba watoto hajui? Nikamwendea mhasibu wetu wa kazini, kifua mbele: "Hela mnayonikata isihesabiwe kwenye mapato yangu. Mnanitoza kodi mara mbili!"

Akavua miwani. "Dada, ukilipa deni la sukari ya mwaka jana, muuza duka anakupunguzia bei ya sukari ya leo?"

Sukari! Shoga, sukari!

Ningenyamaza hapo. Wapi! Nikapaza sauti: "Lakini deni lenyewe la kodi ni kubwa mno!"

Ofisi nzima macho kwangu. Nageuka, wifi yangu, si unajua tunafanya kazi pamoja, yuko nyuma yangu kwenye foleni ya mhasibu, mdomo wazi.

Sasa hivi baba watoto anapiga. Nimwambie nilikwenda kuulizia sukari?