Bertha Amevimba

Ta! Ta! Ta! Adrian, mlio kama wa karanga zinazopasuka kikaangoni, na mimi nimefunikwa macho, sioni kitu! Nasikia tu harufu ya nywele za mkono wangu zikiungua.

Nimekuja Mbeya kufuta tatuu ya jina la Bertha, yule mpenzi wangu wa zamani. Si unajua Jumamosi najitambulisha Kalenga kwa baba yake mchumba wangu Faustina? Wakinimiminia maji ninawe, lazima nikunje shati.

Nikamwambia dada wa mashine ya kufutia tatuu, "Futa jina tu. Shairi la chini yake liache, nimelitunga mwenyewe."

Akalisoma kwa sauti. KWA SAUTI! "Kaka, kipande cha pili kina mizani saba badala ya nane. Ungesema nianze na hicho."

Saba! Nimehesabu kwa vidole. Ni saba kweli.

Halafu ndio ananiambia, "Rudi baada ya wiki sita. Litafutika ukija mara nane." Mara nane! Mimi nilijua ni leo leo. Sasa Bertha amevimba, anasomeka hata ukiwa huko Iringa.

Hapo hapo Faustina akapiga. "Limetoka?"

Nikamjibu mbele ya foleni nzima, "Halijatoka. Ila Jumamosi nitakunja shati ninawe, na baba akiuliza Bertha ni nani, nitamjibu mwenyewe."